Kiitaliano cha Ufukweni na Kiitaliano cha Sebuleni

Mkazi wa Mvumi, kata ya wilaya ya Kilosa ambayo haipaswi kuchanganywa na Mvumi nyingine, yenye jina kubwa zaidi, iliyoko Dodoma, anaweza kumaliza maisha yake bila kuiona Roma, lakini akishuka hadi Mikumi amekwisha kufika karibu na kazi za mikono ya Waitaliano. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, lilijengwa na kampuni ya Kiitaliano ya Snam Progetti na kukamilika mwaka 1968, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 na Zambia kulazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta yake. Nalo kwa sehemu kubwa hufuata barabara kuu iendayo Zambia, ile ile inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Ukipanda barabara hiyo hadi Iringa unakuta Tosamaganga, misheni ya Wakonsolata, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Turin mwaka 1901 na kuingia Iringa mwaka 1919. Na ndani ya hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, hushuka ndege ndogo za asubuhi zinazoleta watalii waliolala Zanzibar, wakatazame tembo na twiga wa bonde la Mkata na kurudi visiwani jioni. Miongoni mwao Waitaliano si haba.

Hata hivyo, Kiitaliano ambacho Waafrika Mashariki wengi wamekisikia hakikutoka misheni wala kwenye bomba la mafuta, bali ufukweni. Malindi nchini Kenya ndiyo shule yake kongwe. Katika miaka ya 1960 Waitaliano, wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walijenga karibu na Ngomeni kituo cha kurushia setelaiti kilichosimama kwenye majukwaa baharini, kikaitwa San Marco. Setelaiti ya kwanza ilirushwa hapo mwaka 1967, na ile ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru, ambalo wanaastronomia wa dunia nzima hulitaja mpaka leo. Wataalamu walifuatwa na watalii, watalii wakafuatwa na wenye hoteli na majumba, na Malindi pamoja na Watamu zikawa miji ambako muuza vinyago anajua bei kwa Kiitaliano kabla ya kuijua kwa Kiingereza. Zanzibar ilifuata katika miaka ya 1990, hasa Kiwengwa na vijiji jirani vya pwani ya mashariki, ambako vijana wanaowafuata wageni, wale ambao Wazanzibari huwaita papasi kwa jina la mdudu anayeng'ang'ania ngozi, wamejifunza lugha nzima kwa sikio, bila daftari wala mwalimu, na wengine wao huisema kwa ufasaha unaowaaibisha waliokwenda vyuoni.

Tatizo la lugha hiyo ni cheo chake, kwa maana ni Kiitaliano cha watu walio likizoni, waliovua viatu, wanaotaka kuitwa rafiki na mtu waliyekutana naye dakika mbili zilizopita. Msamiati wake ni *ciao* (tamka chao), *amico* (rafiki), *bella* (mrembo), na kitenzi chake daima kiko katika nafsi ya *tu*, yaani «wewe» wa kuzoeana. Kijana wa Mikumi anayejifunza lugha kwa njia hiyo ili aongoze wageni, au mtawa na mwanafunzi anayejiandaa kwenda Roma, atakapofika kwenye benki, hospitali au sebule ya watu wazima ataonekana hana adabu, na hakuna atakayemweleza sababu, kwa kuwa Mwitaliano humsamehe mgeni papo hapo na kisha hubaki na maoni yake moyoni.

Kiswahili kinaweka heshima kwenye salamu na kwenye jina la kumwitia mtu, si kwenye kitenzi: mtoto na babu wote huulizwa «unakwenda wapi?», ila babu huanziwa kwa shikamoo. Kiitaliano kinaweka heshima ndani ya kitenzi chenyewe. Mtu mzima usiyemjua huambiwa *Lei*, neno ambalo kisarufi ni nafsi ya tatu, na kwa hiyo anayesema naye huunda sentensi kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine aliye mbali: «una muda?» kwa rafiki ni *hai tempo?*, na kwa mkubwa au mgeni ni *ha tempo?* Jambo hilo halipaswi kumshangaza sana msomaji aliyewahi kusikia watu wa pwani wakimuuliza mtu mzima ana kwa ana, «Mzee anaendeleaje?» Kuna pia *Voi*, ambalo ni «ninyi» wa heshima kwa mtu mmoja. Serikali ya kifashisti ya Mussolini iliamuru mwaka 1938 kwamba *Lei* liachwe na *Voi* lichukue nafasi yake, na amri hiyo ikazikwa pamoja na serikali hiyo; lakini katika Naples na kusini kwa jumla *Voi* lilikuwapo kabla ya Mussolini na bado wapo wanaolitumia kwa wazee, na mgeni akilisikia asidhani anaambiwa yeye na wenzake.

Mtu aliyelelewa Kilosa, katikati ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ana kipimo chake tayari. Anajua kwamba kuna watu ambao ni watani wake, anaoweza kuwatupia maneno hata msibani bila mtu kukasirika, na kuna mkwe, ambaye mbele yake sauti hushuka na maneno huchaguliwa. *Tu* inaelekea upande wa kwanza na *Lei* upande wa pili, ingawa *tu* haibebi ruhusa zote za utani. Watoto, vijana wa rika moja, wanafunzi kwa wanafunzi, ndugu wa familia na hata Mungu katika sala huambiwa *tu*. Daktari, polisi, karani, mwenye duka, mzee njiani na mama mkwe mtarajiwa huambiwa *Lei*. Pale msafiri anapokosa uhakika, achukue *Lei*, kwa sababu anayezidisha heshima hucheka na mwenyeji wake, na anayeipunguza huchekwa akishaondoka.

Salamu nazo zina daraja na zina saa. *Buongiorno* ni ya asubuhi na mchana, na *buonasera* ni ya jioni, ingawa mahali pengine, kama Toscana, jioni hiyo huanza mara watu wanapomaliza chakula cha mchana; *buonanotte* haitumiki kumsalimu mtu unayekutana naye usiku bali kuagana naye anapokwenda kulala, na anayeingia mgahawani saa tatu usiku kwa *buonanotte* amewaaga wenyeji kabla ya kukaa. *Ciao* ni kwa wale wa *tu* peke yao. Katikati ya *ciao* na *buongiorno* liko neno *salve*, ambalo humfaa mtu asiyejua asimame upande gani. Mswahili ataona salamu hizi ni fupi mno, kwa kuwa hazina habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za mifugo, na *come sta?*, «hujambo?» ya heshima, haitarajii maelezo, lakini asidhani kwamba ufupi huo ni ruhusa ya kukaa kimya. Anayeingia kwenye duka dogo, au chumba cha kumsubiri daktari, husalimu kwa sauti ya kusikika, na anapotoka huaga kwa *arrivederci*.

Liko neno moja ambalo mtu wa Afrika Mashariki hulipenda akilijua, nalo ni *permesso*. Mgeni akibisha hodi katika nyumba ya Mwitaliano, akafunguliwa mlango na kukaribishwa, bado husimama kizingitini na kusema *permesso*, yaani anaomba ruhusa ya kuvuka, na mwenyeji hujibu *avanti* au *prego*; ni hodi ya pili, inayotolewa mlango ukiwa wazi. Neno hilo hilo hutumika kumpitia mtu katika basi lililojaa. Vilevile anayempita fundi au karani akiwa kazini huweza kumwambia *buon lavoro*, kazi njema, kama ambavyo mpita njia wa Rudewa angemwambia mtu anayepalilia mahindi.

Waitaliano wanapenda vyeo kuliko wanavyokiri. Kila aliyemaliza shahada ya chuo kikuu ana haki ya kuitwa *dottore*, mwanamke *dottoressa*, hata kama hajawahi kumpima mgonjwa. Mhandisi huitwa *ingegnere*, wakili *avvocato*, mwalimu wa sekondari *professore*. Mtanzania aliyezoea kusikia Mheshimiwa, Mwalimu na Mhandisi vikitangulia majina ya watu hatapata shida hapo, isipokuwa akumbuke kwamba *dottore* wa Italia huenda ni meneja wa benki.

Kuhusu matamshi, Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana, kwa kuwa lugha zote mbili hupenda maneno yanayoishia kwa irabu na irabu hizo husomwa zilivyoandikwa. Herufi *c* mbele ya *i* au *e* husomwa kama ch ya «chai», na *ch* husomwa kama k, kwa hiyo *chi* (nani) ni «ki». *Gn* ni ny, na *h* haisikiki. Mtego uko kwenye konsonanti mbili. *Nonno* ni babu na *nono* ni wa tisa; *anno* ni mwaka, na mtu anayetaja umri wake kwa kulitamka neno hilo kwa n moja tu atakuwa amejitangazia sehemu ya mwili isiyotajwa mezani. Mkazo nao mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama katika Kiswahili, lakini si daima: *tavolo*, meza, huanzia juu, na *città*, mji, humalizia juu.

Msafiri asishangae pia akijifunza haya yote na bado asiwaelewe watu wawili wanaozungumza sokoni Naples au Palermo. Italia iliunganishwa kuwa taifa moja mwaka 1861 tu, na lugha rasmi ilitokana na maandishi ya Toscana, kama vile Kiswahili sanifu kilivyotokana na Kiunguja kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 na kulelewa na kamati ya lugha kuanzia 1930. Nyumbani watu waliendelea na Kinapoli, Kisisilia, Kiveneto na nyinginezo. Kati ya 1960 na 1968 mwalimu Alberto Manzi aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia televisheni ya taifa, katika kipindi ambacho jina lake lilimaanisha kwamba mtu hachelewi kamwe, na wasomaji wanaokumbuka madarasa ya elimu ya watu wazima ya Tanzania ya miaka ya 1970 watatambua mara moja hali ya wanafunzi wake.

Mezani ndiko adabu za Waitaliano zilikojaa zaidi, na ndiko mgeni wa Kilosa atakakojikwaa kwanza, kwa sababu sahani yake ya kwao huja na kila kitu: ugali, mboga na kitoweo pamoja. Chakula cha heshima cha Kiitaliano huja kwa zamu. Kwanza *primo*, ambayo ni tambi, wali laini uitwao *risotto*, au supu; kisha *secondo*, nyama au samaki, pamoja na *contorno*, yaani mboga za kando zinazoletwa kwenye chombo chake. Mgeni asiyejua hushiba kwenye tambi, akidhani chakula ndicho hicho, halafu nyama inapofika hana pa kuiweka, na mama mwenye nyumba anahuzunika kwa dhati. Tambi hazikatwi kwa kisu, huzungushwa kwenye uma. Jibini hainyunyizwi kwenye tambi za samaki. Mikono hukaa juu ya meza, si mapajani. Kufuta mchuzi kwa kipande cha mkate, jambo linaloitwa *scarpetta* na ambalo mtu wa tonge huliona la kawaida kabisa, huruhusiwa kwa raha zote nyumbani na huepukwa kwenye karamu rasmi.

Kaskazini, hasa Veneto na Lombardia, msafiri anaweza kuletewa *polenta*, na hapo atajikuta mbele ya ugali wa mahindi. Mahindi yalifika Italia kutoka Amerika katika karne ya 16, yakawa chakula cha wakulima maskini wa kaskazini kiasi kwamba Waitaliano wa kusini bado huwaita wenzao wa kaskazini *polentoni*, walaji wa polenta, kwa kejeli isiyo na uzito mkubwa. Polenta ya jadi husongwa kwa muda mrefu kwenye sufuria ya shaba, humwagwa juu ya ubao na hukatwa kwa uzi. Historia yake ina upande wa giza: familia zilizokula mahindi matupu, bila nyama, maziwa wala maharage, zilishikwa na pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, kuharisha na hatimaye kuvuruga akili, ambao daktari Francesco Frapolli wa Milan aliuandika kwa jina hilo mwaka 1771 na ambao baadaye ulijulikana kuwa unatokana na upungufu wa vitamini iitwayo niasini. Leo polenta ni chakula cha hoteli nzuri, kikiambatana na uyoga au nyama ya mwituni, na kuila kwa mkono ni kosa la kuchekesha tu.

Mwislamu, na Kilosa ina Waislamu wengi, anahitaji tahadhari za ziada, maana nguruwe hujificha. *Prosciutto* ni paja la nguruwe, *guanciale* ni shavu lake linalotiwa kwenye tambi za *carbonara* na *amatriciana*, na *strutto* ni mafuta yake yanayoweza kuwa ndani ya mikate bapa ya Romagna iitwayo *piadina*. Kitindamlo cha *tiramisù* nacho mara nyingi huwa na kileo. Sentensi ya kutosha ni *senza maiale, per favore*, bila nguruwe tafadhali, ikifuatwa na *senza alcol*, na hakuna mwenye mgahawa atakayeichukulia vibaya.

Anayealikwa nyumbani asiende hivi hivi, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi huko pia: hubebwa vitobosha vya dukani vilivyofungwa kwa utepe, au maua, lakini yasiwe ya krisanthemamu, ambayo Waitaliano huyapeleka makaburini mwanzoni mwa Novemba. Na kuhusu muda wa kukaa, Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ilhali Waitaliano, ambao ni wakali zaidi, husema kwamba mgeni ni kama samaki, baada ya siku tatu hunuka.

Kahawa ina sheria zake. Italia imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania, na anayejua kahawa chungu ya vikombe vidogo inayouzwa barazani ataielewa *espresso* haraka: ni kidogo, ni kali, hunywewa kwa kusimama na huambatana na maneno mengi kuliko kahawa yenyewe. Huagizwa kwa kusema *un caffè* tu. Katika baa nyingi, na *bar* kwa Waitaliano ni mahali pa kahawa kuliko mahali pa bia, mteja hulipa kwanza kwenye *cassa*, yaani kwa mpokea fedha, kisha hupeleka risiti kaunta. Akikaa mezani bei hupanda. Kahawa ya maziwa mengi, *cappuccino*, ni ya asubuhi, na anayeiagiza baada ya chakula cha mchana atahudumiwa, ila mhudumu atajua kwamba huyu ametoka mbali. Kwenye bili ya mgahawa huenda pakawa na *coperto*, malipo madogo ya kila kichwa kwa ajili ya mkate na meza, ambayo si wizi. Na bakshishi si lazima.

Saa zinahitaji hesabu. Ratiba za Italia hutumia saa 24, kwa hiyo treni ya 19:40 ni ya saa moja na dakika arobaini usiku, na chakula cha 13:00 ni cha saa saba mchana. Lakini Mswahili asikubali kuambiwa kwamba hesabu yake ni ya kigeni huko. Kwa karne kadhaa, hadi zama za Napoleon, Waitaliano wenyewe walianza siku yao jua linapozama na kuhesabu saa 24 kuanzia hapo, kama ambavyo kwa Waswahili usiku wa leo ni wa kuamkia kesho. Saa kubwa iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443 ndani ya kanisa kuu la Florence bado inahesabu kwa namna hiyo, na mshale wake huzunguka kinyume na saa za kawaida.

Mambo mengine yanatosha kutajwa kwa ufupi. Katika miji midogo maduka hufungwa kuanzia saa saba mchana hadi karibu saa kumi. Tarehe 15 Agosti ni *Ferragosto*, sikukuu iliyoanzia kwa Kaisari Augusto na kuungana na ya Kupalizwa kwa Maria, na siku zinazoizunguka ofisi nyingi hazina watu. Makanisani mabega na magoti hufunikwa, bila kujali ukubwa wa joto. Abiria aliyezoea treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma kupitia Kilosa Julai 2024, na ambaye tiketi yake hukaguliwa kabla ya kupanda, akumbuke kwamba stesheni nyingi ndogo za Italia hazina mageti, kwa hiyo tiketi ya karatasi ya treni za mikoa lazima mwenyewe aigonge muhuri kwenye mashine ya jukwaani. Asipofanya hivyo atatozwa faini, ingawa ameilipia. Na asimwelekezee mwanamume kidole cha shahada na cha mwisho vilivyonyooshwa kama pembe, kwa kuwa maana yake ni kwamba mke wake ana mwingine.

Kutoka *Lei* kwenda *tu* kuna taratibu zake, na hapo ndipo kijana aliyejifunzia ufukweni hukosea mara nyingi zaidi. Anayetoa ruhusa ni mkubwa kwa mdogo, mwenyeji kwa mgeni, na kwa desturi ya zamani mwanamke kwa mwanamume, naye husema *diamoci del tu*, tuambiane *tu*. Mdogo hapendekezi, hungoja. Ruhusa ikishatolewa haikataliwi, ingawa wapo vijana ambao kwa bibi mwenye miaka themanini huendelea na *Lei* kwa mwezi mzima kabla ulimi haujakubali, na bibi huyo haoni kosa. Na ikitokea kwamba watu wawili walioambiana *tu* kwa miaka, jirani kwa jirani au ndugu kwa ndugu katika ugomvi wa mirathi, wanasikika ghafla wakiambiana *Lei*, wanaowazunguka hunyamaza na kutafuta mtu wa kuwapatanisha.